Mzee Kariuki na Msumeno

Jumamosi, Karatina

Na hotuba yangu haikumalizika! Niliiandaa kwa siku tatu, niwaeleze wanakikundi kwa nini mtaa wetu unahitaji darasa la useremala, ingawa kwa kweli nililenga mtu mmoja tu: Mzee Kariuki, fundi aliyejifungia nyumbani tangu alipomzika mkewe. Mimi ni mwalimu wa shule tu; bila yeye hatuna wa kufundisha useremala. Nami nilihofia, kuliko darasa, kwamba tungempoteza yeye mwenyewe.

Alikuja, akaketi nyuma. Nilikuwa katika aya ya pili Mama Njeri, mwanakikundi asiyejua kungoja, alipochukua msumeno na kuanza kukata ubao wa benchi letu la kwanza kwa nguvu zake zote.

"Ai, Mama Njeri!" Mzee akafoka. "Hiyo si nyasi ya nepia unakatia ng'ombe! Leta hapa."

"Si ukuje uchukue, basi!"

Akaja, akauchukua msumeno, akaanza kutuonyesha namna ya kukata. Watu wakacheka, wakamzunguka, nami nikabaki na karatasi zangu mkononi, nimeudhika kidogo, nakiri.

Alipokuwa akiondoka aliniambia, "Mwalimu, Jumanne mje mapema. Na mtu asiguse hiyo msumeno kabla nifike."

Sijawahi kufurahia amri kiasi hiki.