Ramlo Akataa Chai ya Mama Mkwe

Ardo, ni Jumamosi, saa nane mchana, na jua la Garissa linachoma hata kivulini. Tumetoka sasa hivi kwa mama yake Alio. Alitaka kumwona dada yangu Ramlo, mchumba wa Alio, kabla ya kuleta posa.

Ramlo amekataa chai. Chai, Ardo. Ya maziwa ya ngamia, aliyomiminiwa na mama mkwe mwenyewe.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Binti, umeikataa chai au umemkataa mwanangu?"

Dada yangu, afisa lishe, akajibu kana kwamba yuko kliniki: "Mama, chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Damu hupungua."

Damu hupungua. Mbele ya mashangazi wote wa Alio.

Mama akaitazama sinia ya wali, nyama ya mbuzi na ndizi. "Kumbe haviketi pamoja. Basi ondoeni chakula."

Kikaondolewa, walahi. Hatukuwa tumeonja hata tonge.

Ramlo alikunywa birika zima. Mama alimwongezea sukari, akatangaza kwamba posa italetwa. Alio alikula nyama yetu jikoni. Mimi nimenunua sambusa, nazila njiani.