Swali Nililoulizwa Ruponda

Mdogo wangu Tausi,

Hujambo? Huku jua linachoma. Gazeti limefunga dawati la habari za kimataifa nililohangaikia tangu nikiwa mtafsiri mpaka nikawa mhariri. Bosi alisema, "Wasomaji wanataka mpira," akanituma Ruangwa kuandika mechi.

Jana, njiani kutoka kwenye mechi, nilipita Ruponda, wilaya jirani ya Nachingwea, nikakaribishwa na mama mmoja aliyehamia kutoka Msumbiji. Alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Nilipomtajia kazi yangu ya zamani, akaacha kula.

"Mwanangu, dada yangu alibaki kule kwenye vita. Simu yake haipatikani. Wewe wa habari za nje, kijiji chetu bado kipo?"

Nikampigia mwandishi wetu wa kule, ambaye zamani hakukosa jibu. "Dada," akasema, "mlipoacha kuchukua habari zangu nilihama. Sijui lolote."

Nikamwambia mama sijui. Akanisogezea kisamvu. "Basi kula, mwanangu." Nikamega tonge.

Tausi, unakaribia kuchagua fani chuoni. Ukichagua hii yangu sitakuzuia, ila nitalia.

Mkumbatie Mama, nawe ulale salama.

Dada yako,
Rehema