Uji Kabla ya Vidonge

Baba Rehema wangu,

Leo nimefundisha kipindi chako cha afya. Tangu ulipofariki hakuna mwalimu aliyekitaka, kwa hiyo nimekichukua mimi mkeo, niliyezoea hesabu tu.

Nikiwa mbele ya darasa la tano nilikumbuka mwaka ule tulipohamia kijiji hiki cha ziwani kutoka Butimba mjini. Watoto walimeza dawa ya kichocho bila kula kitu, wengi wakatapika, na mchana wazazi wakajaa uwanjani. Baba mmoja mvuvi akakusogelea. "Mwalimu, mnawapa watoto wetu sumu."

Hukubishana naye. Ulimjibu, "Mzee, kosa letu ni kuwapa wakiwa na njaa."

Awamu iliyofuata uliwahi shuleni, ukachochea kuni mwenyewe, ukapika uji na kuwaita wazazi waonje. Kisha ukawaeleza kwa Kisukuma kwamba tumbo kujaa si kulogwa, ni minyoo inayopenya kwenye ngozi mtu akiwa majini. Ukameza vidonge mbele yao. Mimi nilikuwa nagawa vikombe huku nakutazama, nikajisemea moyoni: huyu ndiye mume wangu.

Siku hizi nyumba iko kimya. Rehema yuko Nyakato kiwandani, zamu zake haziishi, hupiga simu akipata nafasi. Ninachokitamani zaidi ni jioni zetu, ukivua viatu mlangoni na kuniuliza, "Enhe, watoto wamekuuliza nini leo?" Hakuna anayeniuliza hivyo tena.

Basi nikuambie. Niliwaeleza wasioge ziwani wala kujisaidia karibu na maji. Binti mmoja, Kabula, akanyoosha mkono. "Mwalimu, bomba hatuna. Sasa tuoge wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba jibu sina, ila swali lake nitalifikisha kwa wakubwa.

Kesho kuna mkutano wa kijiji. Zamani msemaji ulikuwa wewe, mimi nikikaa nyuma na kina mama. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kuzungumza, naye amenipa. Naogopa, Baba Rehema. Nimejaribu kuyasema maneno yangu hapa sebuleni, sauti ikanirudia kutoka ukutani. Lakini Kabula ameniahidi kuja na mama yake, wakae mbele kabisa, mahali nitakapowaona.

Endelea kupumzika, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Rehema