Mtambo wa Ahadi Umewaka

Jumamosi. Nje theluji imegeuka tope la kijivu na jua linajaribu bahati yake. Mikono yangu inanuka vitunguu mpaka sasa, na sijali.

Nianze na ungamo. Shuleni nimekuwa nikidanganya kwamba Baba anafanya kazi ofisini, mji jirani wa Markham. Ukweli ni kwamba anakagua mabomba kwenye kituo cha nyuklia kinachojengwa kando ya ziwa. Kila kiungo kilichochomelewa hupigwa picha, kama mfupa uliovunjika. Baba huitazama picha, halafu anasaini au anakataa.

Sikuionea aibu kazi. Niliona aibu ya kuchelewa. Kituo kilipaswa kuwaka nikiwa bado nasuka mikia miwili. Mwalimu alipouliza nani ana ndugu anayefanya kazi kule, niliinamia daftari.

Mama naye alizidisha. Aliweka nadhiri: siku umeme wa kwanza ukitoka, atapikia msikiti mzima biriani. Kosa lake ni haraka. Mara mbili ilitangazwa "wiki hii", mara mbili akapika, na mara mbili tukala biriani ya mtambo ambao haujawaka.

Watu hawasahau. Mzee Rajabali, anayekaa karibu na rafu ya viatu, kila Ijumaa humwuliza Baba: "Hassani, huo mtambo wenu ni wa umeme au wa ahadi?"

"Wa umeme, mzee. Tuombee."

"Nimeomba mpaka meno yameisha!"

Baba hucheka tu. Kicheko hicho kilikuwa kinaniudhi.

Maana najua ile mara ya pili tulikwamia wapi. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni. Aliona kivuli kwenye picha moja, chembamba kama unywele. Bosi akasema kinavumilika. Baba akakataa kusaini. Walipokata lile bomba wakakuta ufa, ikabidi warudie viungo chungu nzima, na mwaka ukapita hivyo. Wenzake wakaacha kula naye. Likizo zikafutwa, na safari yetu ya kwenda kumwona Bibi Tanga ikafa.

Nilimwambia, kwa Kiingereza ili imuume zaidi: ungesaini tu.

Akachukua kofia yake ngumu, akaenda kazini.

Leo ilikuwa mara ya tatu kutangazwa, na Mama aligoma kuwasha moto. Mchele umeshalowekwa, nyama imelala kwenye mtindi, sufuria kubwa iko jikoni pale msikitini, naye amekaa tu kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani.

"Mama Zainabu, leo tunafunga?" akina mama wakamtania.

"Safari hii mtambo utangulie," akasema, "biriani itafuata."

Kabla ya adhuhuri ikaingia meseji ya Baba kutoka kazini. Ilikuwa neno moja tu: Umewaka.

Mama alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Downsview, ng'ambo ya jiji, kisha akawasha moto.

Baada ya sala shehe akataka mtu wa familia aseme mawili matatu. Baba yuko zamu. Mama akaniangalia. Mimi! Mimi ninayeagiza chai kwa kunyoosha kidole.

Sijui nilifikaje kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga kusema asanteni nikae. Badala yake nikasema, kwa Kiswahili changu cha shule ya Jumamosi: "Mtambo ulichelewa mwaka mzima kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu huyo ni baba yangu. Aliona ufa, akakataa kusaini."

Nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mabomba yaliyopo leo yana sahihi yake."

Kutoka kule kwenye viatu sauti ya Mzee Rajabali ikapasuka: "Salawati!" Ukumbi wote ukaitikia kwa kumsalia Mtume. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye sufuria. "Mwambie Hassani meno sina, lakini hii nitaitafuna."

Baba alirudi na alama ya kofia ngumu kwenye paji la uso. Video ya maneno yangu alishatumiwa, bila shaka. Alikuwa anakula ukoko aliowekewa na Mama. Nikakaa pembeni yake.

"Baba, nisamehe. Ulifanya vizuri kutosaini."

Akakata ukoko katikati, akanisukumia kipande kikubwa.

Jumatatu mwalimu akiuliza tena, nitanyoosha mkono. Asipouliza, nitaunyoosha vilevile.