Mtungi wa Noeli

Keza mjukuu wangu,

Hapa Batsinda tuko salama, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Umeniuliza Majilio, majuma haya ya kungojea Noeli, uyaanzie wapi huko ugenini.

Nilipokuwa msichana ukimbizini Burundi, mama alipika pombe ya ndizi ya Noeli. Ilipoiva, alitukataza kuionja. Alijitwisha mtungi, akaenda kwa jirani ambaye alikuwa hasalimiani naye.

"Nimekuja tunywe," alimwambia.

Yule jirani akaleta mirija miwili ya kunywea mtungini. Siku ya Noeli walipiga magoti pamoja mbele ya Mtoto Yesu katika pango la Noeli kanisani, nami nikaelewa kidogo tulichokuwa tunangojea.

Keza, mwaka mzima hujanitajia dada yako. Mpigie simu kabla hujanunua mti wa Noeli.

Nakuombea,
Bibi yako