Viti Vinavyohama

Shuleni, Bariadi
14 Agosti 1994

Baba,

Mwangaluka. Mimi mzima, sijui ninyi huko Kimali. Goti la mayu limepoa? Ng'ombe mwekundu ameshazaa?

Kidato cha Tano wasichana tuko kumi na tisa tu, wavulana hata sijawahesabu. Bwalo ni moja, na wiki nzima wakipita mezani nafunika sahani kwa mkono. Winnie, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, aliniuliza kama naficha nyama. Ni maharage, Baba.

Lakini kuna dibeti kila Ijumaa, kwa Kiingereza. Mwalimu Severine ameugawa ukumbi pande mbili, na mtu akizungumza ukamkubali, unabeba kiti chako unahamia kwake. Ni kama Wagika na Wagalu wanaposhindana ngoma, watu wanakimbilia kunakonoga. Siku ya kwanza nilisahau aibu zangu zote, nikasimama juu ya kiti nione vizuri.

Sasa kosa langu. Mwalimu aliuliza nani anaijua pamba. Mimi, ambaye sinyooshi kidole hata jibu nikiwa nalo, nikanyoosha, nikasema baba yangu ni mpima wa chama cha ushirika, miaka kumi na nane kwenye mzani. Nikapigiwa makofi. Kisha akanipa nitetee kwamba wafanyabiashara binafsi waachiwe wanunue pamba. Nilitaka kukataa, nikajikuta nimeketi. Atakayehamisha viti vingi ataiwakilisha shule Shinyanga.

Naitaka hiyo Shinyanga, nakiri. Ila nitasimamaje kusema mzani wako uondoke? Ukisema niache, naacha. Dibeti yenyewe ni tarehe 30 Septemba.

Binti yako,
Milembe


Shuleni, Bariadi
11 Septemba 1994

Baba,

Ng'wadila. Huku ni wazima, tunakula, tunasoma. Kristofa wa lori la mahindi anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaendelea kupima. Je, ndilo jibu?

Sijajitoa bado. Gilbert, atakayenipinga, anatembea na kamusi kwapani. Juzi alisimama mezani kwetu: "Mtoto wa mzani, maneno utayapima au utayamwaga?" Nikamwambia alete gunia lake kwanza tuone lina mchanga kiasi gani. Winnie alipaliwa na uji. Baba, sijawahi kumjibu mvulana maishani, na moyo ulinienda mbio mpaka kipindi cha Jiografia.

Niandikie hata neno moja.

Binti yako,
Milembe


Kimali
25 Septemba 1994

Ng'wanone Milembe,

Zote mbili nimezipata. Mama yako hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu. Mwekundu kazaa jike.

Nilikasirika siku tatu. Siku zilizobaki nilikuwa natafuta la kukupa, maana mtoto hapelekwi shambani na jembe lisilo na mpini.

Andika hivi. Msimu wa mwaka juzi lori halikuja, pamba ikakaa ghalani kwetu mpaka mvua zikaanza. Bati lilikuwa linavuja na funguo ninazo mimi. Nyanjige, yule mjane wa ng'ambo ya mto, alikuja kuomba magunia yake akayaanike kwake. Nilimwambia kanuni hairuhusu. Mbegu zilizomo kwenye pamba zikachipua humo humo ndani ya magunia, majani ya kijani kabisa. Mpaka leo anadhani yalipakiwa salama kwenye lori, sijamwambia ukweli. Mnunuzi binafsi angeyachukua mapema, kwa sababu akichelewa mwenzake atamwahi.

Upande wako hauna neno zito kuliko hilo. Jina langu utaje au usitaje, ni juu yako.

Baba yako,
Mboje


Shuleni, Bariadi
2 Oktoba 1994

Baba,

Mwangaluka, tena mwangaluka. Mimi mzima kupita kiasi.

Gilbert alianza, robo tatu ya ukumbi ikamfuata. Mimi Kiingereza kilinitoroka sentensi ya pili. Nikashika meza, nikayaona yale magunia, kikarudi. Nilisema "mpima mmoja", jina sikutaja. Nikafika kwenye majani ya kijani. Nikasikia kiti kimoja kinaburuzwa, cha pili, halafu kishindo kama cha ng'ombe wanaoshuka mtoni. Gilbert mwenyewe alibeba cha kwake. Upande wa ushirika hakubaki mtu, na mwalimu akasema, Milembe, Shinyanga.

Ndipo nikabeba kiti changu nikakipeleka kule kutupu, nikakaa. Wakacheka, Gilbert akasema mshindi kapotea njia. Mwalimu akaniuliza kulikoni. Nikamjibu kwa Kiswahili, mbele ya wote: "Yule mpima ndiye aliyenipa haya maneno. Asikae peke yake."

Binti yako,
Milembe


Kimali
16 Oktoba 1994

Ng'wanone,

Sisi wazima, ndama anaruka. Tangu lini Mgika akashinda halafu akahamia uwanja wa Mgalu? Umetuaibisha, na nimecheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuangalia. Shinyanga ubebe sweta.

Jana nilivuka mto na barua yako. Nyanjige hajui kusoma, nikamsomea mimi nimesimama uani kwake. Nilipofika kwenye magunia nikamwambia, "Mpima huyo ni mimi, na magunia ni yako." Akageuka, akaingia ndani. Nikajua hataki kuniona tena, nikaanza kuikunja barua niondoke.

Akatoka na kigoda.

Baba yako,
Mboje