Wino wa Marobota Umefika Kwapani

Kaka yangu Masunga,

Mwangaluka. Salamu hiyo uipokee hapohapo ulipo na ng'ombe wako huko kusini, maana simu huipokei. Nimeamua kukuandikia hadharani, watu wote wasome, labda mmoja wao atakutana nawe mnadani akusomee. Nina hasira na wewe, na nianze na hilo ili tusidanganyane.

Unakumbuka ule msimu ulipopata kibarua hapa Bariadi, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba? Kazi yako ilikuwa kuandika namba kwenye marobota, na ulikuwa unarudi nyumbani vidole vyeusi, unajiona mtu mkubwa. Jumapili moja ukaja na ule wino ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Ukafunga pamoja sindano tatu za kushonea, ukanikalisha nyuma ya zizi, ukanichora mkononi pembe za yule ng'ombe mwekundu aliyetulea kwa maziwa yake. Nililia, ukanifuta damu kwa pamba uliyochomoa kwenye gunia. Nikakuuliza kama itafutika.

"Wewe nawe," ulisema. "Kwenye robota wino huu unavuka bahari. Kwenye mkono wako utaenda wapi?"

Kisha ukanipa sindano, nikakuchora na wewe pembe zilezile, zikatoka kombo. Mama alipoziona alituchapa wote wawili, wewe ukicheka.

Basi leo nakujibu. Unaenda, kaka.

Kwanza ulitanuka. Mistari iliyokuwa myembamba imenenepa, weusi umekuwa buluu ya nguo iliyofuliwa sana, na pembe zangu siku hizi watoto wa jirani wanadhani ni ndizi mbili. Hilo nililizoea. Nikikaa juani panawasha na kuvimba, nalo nililizoea. Lakini msimu huu wa kuvuna, nikiwa naoga, niligusa kwapa la mkono huohuo nikakuta uvimbe mgumu. Hospitali wakakata kipande kidogo cha nyama. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia kimetoka cheusi tititi na lazima kipelekwe Mwanza kupimwa.

"Inaweza kuwa kansa," alisema. "Sitaki kukuficha."

Ndipo macho yake yakaangukia zile pembe. Akauliza nani alinichora, na kama aliyenichora naye ana wino huohuo mwilini. Nikasema ni kaka yangu, anao, nilimchora mwenyewe.

"Mpigie. Muulize kama naye ana uvimbe kwapani. Akiwa nao, na mimi nitapumua kidogo."

Nikakupigia palepale. Haipatikani. Nikapiga nikiwa kwenye bodaboda, nikapiga nilipofika nyumbani. Haipatikani. Mama akasema, "Huko porini hakuna mtandao, mwanangu, usimlaumu." Mama hachoki kukutetea. Nilimjibu vibaya, nikaenda kulia jikoni. Nilikuwa naogopa kufa, Masunga, na mtu pekee ambaye angeweza kunitoa hofu alikuwa amezima simu. Najua hukujua. Nakulaumu hivyohivyo. Ng'ombe unawatafutia maji kila siku, kuchaji simu kunakushinda nini?

Tukakaa tunangoja majibu, mimi na Mama, tunatenga pamba safi na chafu barazani, naye akinitazama kwapa kila nilipoinua mkono. Nilikuwa nawaza nani atabaki naye, maana wewe ndiye huyo, hupatikani.

Majibu yakaja. Ni wino. Hakuna kansa, ni wino wako wa kiwandani.

Daktari alinieleza taratibu. Mwili haukuwahi kuupokea ule wino hata siku moja. Ndani ya ngozi kuna walinzi wanaomeza kila kitu kigeni kinachoingia. Waliumeza, wakashindwa kuusaga, wakabaki nao. Mlinzi mmoja akifa, mwenzake anaumeza tena palepale, ndiyo maana mchoro haufutiki. Lakini kidogo kidogo wino mwingine unatoroka, unabebwa na maji ya mwili mpaka kwenye tezi za kwapa, na tezi inaushika usipite. Nilicheka mbele ya daktari kwa furaha. Nilipofika getini hasira zikanipanda upya. Hofu yote ile, machozi yote ya Mama, kwa sababu ya ujanja wako na kopo lile.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Wewe nilikuchora mimi, na mkono wangu ulikuwa mzito kuliko wako. Nilizamisha sindano sana. Siku ukikuta uvimbe kwapani, huko mbali uliko, usiuze ng'ombe ukampelekea mganga hela, wala usianze kumuaga mkeo. Nenda hospitali wakupime, hilo ni lazima. Lakini kabla hawajakutisha kama walivyonitisha mimi, waambie: ni wino wa marobota, mdogo wangu ndiye aliyenichora, naye anao, na ni mzima.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anapiga simu,

Kabula